Mistari ya Kitabu cha Wakunga

Tulimzika Naomi Jumamosi, nyumbani kwao Akheri, katikati ya migomba, chini ya mvua ile ya mlimani ambayo hailowanishi wala haikuachi ukauke. Nilirudi Moshono jioni viatu vimejaa udongo, nikakaa kwenye kochi bila kuvivua. Siku hizi misiba hunichosha mwili kabla ya kunifika moyoni. Unasimama, unakaa, unaimba, unapanga foleni ya chakula na sahani mkononi, unasalimiana na watu ambao sura zao unazikumbuka na majina yameshakwenda. Binti wa kaka yake, mama mtu mzima mwenye watoto wake, alikuja kukaa karibu nami. "Shikamoo, mama. Samahani, wewe na shangazi mlifahamiana wapi?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja Kaloleni, zamani. "Kazi gani?" Nikasema kuchora. Akasubiri kidogo, kama mtu anayedhani maelezo mengine yanakuja, kisha akaitwa jikoni akaondoka.

Maelezo nilikuwa nayo mengi, ila mdomo ulikuwa umechoka. Utamwambiaje mtu aliyefiwa kwamba kwa mwaka mzima mimi na shangazi yake tulikaa chumba kimoja tukitafuta namna ya kuifanya kompyuta itoe mstari mweusi, mweusi kweli, usio na ukungu wala meno pembeni? Wenzangu wa rika langu wakikumbuka ujana hutaja shamba walilonunua, shule walizofundisha, watoto waliowazaa. Mimi nikirudi nyuma nakutana na mstari. Vijana wa leo wanachora kwa kidole juu ya kioo cha simu, programu yenyewe inaunyoosha mkono unaotetemeka, na hakuna anayejua kwamba hilo liliwahi kuwa tatizo la mtu. Ni sawa. Mimi mwenyewe macho yangu hayataki tena kioo. Nikitengeneza kadi moja ya harusi, kichwa kinaniuma mpaka kesho yake.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, karibu na uwanja wa mpira. Siku za mechi dari lilitikisika kwa kelele na tulijua nani amefunga kabla redio haijasema. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa au kufungwa, na kila ukoo ulikuwa na mtu aliyerudi nyumbani akiwa amepunguzwa kazi. Kila kibaraza kiligeuka duka. Aliyekuwa karani jana, leo anauza mitumba. Aliyekuwa fundi mitambo anakodisha kanda za video. Bwana Elinami, mwajiri wetu, alikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja, na kilipofungwa akaamua kufungua ofisi ya kutengeneza lebo, kadi na mihuri. Naomi alitoka kiwanda hicho hicho, chumba cha michoro, ambako alichora vipuri vya mashine kwa kalamu ya wino. Mimi niliajiriwa kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma kozi fupi ya kompyuta, na Bwana Elinami alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika, yenye kichwa kikubwa kama banda la kuku, na hakujua inawashwa vipi.

Nilipanga chumba hapo hapo Kaloleni, kwenye nyumba ya uani ambayo kuta zake za ndani hazikufika darini. Ukilala unasikia maisha ya watu kama redio isiyozimwa. Upande wa kulia walikaa mume na mke kutoka Rombo, na mwaka ule wote mazungumzo yao yalikuwa yale yale. "Turudi nyumbani, baba Neema. Mji umekuwa wa wenye maduka." Na yeye anajibu, polepole, kama mtu anayesukuma gari bovu, "Tukirudi tutasema tumerudi kufanya nini?" Asubuhi wananisalimia kwa uchangamfu na mimi nawajibu kwa uchangamfu, kana kwamba ukuta ulikuwa ukuta.

Kazi ya kitabu ililetwa na hospitali moja ya misheni. Walitaka kitabu cha picha kwa wakunga wa jadi wa upande wa magharibi wa mlima, wengi wao wakiwa akina mama wazee wasiosoma. Maneno yasiwepo, au yawepo machache. Kila ukurasa uonyeshe hatua moja: kunawa mikono, kumlaza mama, kumpokea mtoto, kukata kitovu, dalili za kukimbilia hospitali. Na kwa kuwa kitabu kingechapishwa kwa rangi nyeusi peke yake, kisha kila zahanati idurufu nakala zake kwenye mashine yake ya wino, rangi ya kijivu haikufaa. Mstari uwe mweusi au usiwepo. Bwana Elinami alifurahi sana. Alisema, "Naomi atachora, Aikande ataingiza kwenye kompyuta, tumemaliza." Aliongea hivyo kuhusu kila kitu, kama mtu anayehesabu njia bila milima.

Naomi alichora. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kutembea ameinama kidogo kama anayepita mlango mfupi, na akishika kalamu hakuwa tena yule yule. Mstari wake ulianzia begani. Alikuwa akivuta pumzi, anaishika, anauvuta mgongo wa mama mjamzito kuanzia shingoni mpaka kiunoni kwa mwendo mmoja, ndipo anapumua. Wino ulikaa juu ya karatasi kama umepigwa pasi. Kisha mimi nachukua karatasi ile, naiweka chini ya kifuniko cha skana, na kinachotokea kwenye kioo ni kitu kingine kabisa. Mstari uliingia na ukungu pande zote mbili. Nikijaribu kuupitia upya kwa brashi ya kompyuta, mkono wangu juu ya kipanya ulitetemeka, na mgongo wa yule mama ukawa na mawimbi kama bati. Mahali ambapo Naomi aliupunguza mstari ukawa mwembamba, skana iliumeza kabisa. Nilichapa hivyo hivyo. Kwa macho yangu ya wakati ule niliona zinatosha.

Tulizipeleka Olasiti kuzijaribu. Enzi hizo Olasiti ilikuwa mashamba ya mahindi na maboma machache. Tulipokewa na mkunga aliyeitwa Nashipai, ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, masikio marefu yamejaa shanga, na alitukalisha kwenye vigoda akatupa chai ya maziwa iliyonukia moshi. Naomi, ambaye mama yake alizaliwa upande ule, alizungumza naye Kimaa kwanza, kisha wote wawili wakahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Koko alizishika karatasi mbali na uso, moja moja, bila haraka.

"Huyu mkunga," akasema, "mkono wake umekatwa na nini?"

Nikaangalia. Pale kwenye kifundo cha mkono mstari ulikuwa umepotea. Kiganja kilielea peke yake.

"Hajakatwa, Koko. Ni uchapaji tu."

Akageuza nyingine. "Na huyu mama ana ugonjwa wa ngozi. Mama mwenye madoa haya mimi simzalishi. Nampeleka hospitali." Ule ulikuwa ukungu wa kijivu ambao printa ilikuwa imeugeuza nukta nukta, tumbo zima. Kisha akafika kwenye picha ya mtoto ambaye bado yumo njiani. Akaweka kidole chake juu ya kitovu, mahali mstari ulipokuwa umekatika. "Hapa kitovu kimeshakatwa na mtoto hajatoka. Mnataka tufanye hivi?"

Aliuliza bila kejeli. Alikuwa tayari kusikia kwamba wataalamu wa mjini wana njia mpya. Nadhani hilo ndilo lililonitisha, kwamba angetuamini. Wakati wa kurudi tulitembea mpaka barabarani. Hapo Naomi akasema, "Picha ile ingeua mtu, Aikande." Akasema kama anavyosema mvua itanyesha. Bwana Elinami alipoelezwa alisema tunakuza mambo, ni picha tu. Naomi akamjibu kwa adabu, "Si picha tu, bwana. Kwa wale ni maagizo."

Basi tukaanza upya, na hapo ndipo mwaka wenyewe unapoanza kichwani mwangu. Umeme ulikuwa wa mgao. Ukija asubuhi tunakimbilia kazini kabla ya chai; ukikatika mchana tunakaa tukitazama kioo cheusi. Maelezo yaliyokuwemo ndani ya programu yalikuwa ya Kiingereza, nami niliyasoma na kamusi pajani, sentensi moja kwa nusu saa. Kidogo kidogo nikaelewa. Kwanza, nilikuwa naiambia skana ichukue mchoro kama picha ya mtu, wakati inabidi ichukue kama maandishi: ama nyeusi ama nyeupe, hakuna katikati. Ukungu ukaondoka, lakini kila uchafu wa karatasi ukawa tone jeusi, nikayafuta tone kwa tone. Pili, brashi ya ile programu ilikuja kutoka kiwandani ikiwa na ulaini pembeni. Ukiukuza mstari wowote ungeona umevaa shati la kijivu. Nilipopata mahali pa kuuondoa ule ulaini, kingo zikawa kali, ila zikaota ngazi, kama msumeno. Dawa ya ngazi ilikuwa kuchora kwa ukubwa mara nyingi kuliko kitabu, kisha kupunguza wakati wa kuchapa, ngazi zinakuwa ndogo mpaka jicho halizioni. Haya ninayasema kwa sentensi chache. Yalichukua masika yote, na kompyuta ile ikielemewa na faili kubwa ilikuwa inaganda, nami naanza tena.

Mkono ndio ulionishinda. Nilisogeza kipanya polepole kwa hofu ya kukosea, na polepole ndiyo iliyouyumbisha mstari. Naomi alivuta kiti akakaa nyuma yangu. Yeye mwenyewe alikishika kipanya kile mara chache tu, akasema kinakimbia kama mende. Lakini alikuwa akiangalia bega langu, kioo hakukijali.

"Unauomba ruhusa," akasema.

"Nini, dada?"

"Mstari. Unauomba ruhusa kila hatua. Ukishaanza, nenda. Ukikosea, futa wote, usiutie kiraka."

Niliweka pia nukta nyingi za kuuongoza mstari, nikidhani nyingi zitashika umbo vizuri zaidi, kumbe kila nukta iliukunja kama goti. Naomi alikuwa akinihesabia kwa kidole. "Mgongo huu una mipindo miwili tu. Kwa nini wewe umeweka kumi?" Nikazifuta, nikabakiza mwanzo, mwisho na moja ya kati, na mgongo ukajinyoosha wenyewe mbele ya macho yetu, mweusi, bila kutetemeka. Hatukushangilia. Naomi alisema, "Sasa wa tumbo," na nikaanza wa tumbo.

Mchana tulikula pamoja. Alikuja na loshoro kwenye bakuli lenye kifuniko, mahindi na maziwa ya mgando, tukala kwa vijiko viwili kutoka bakuli moja, milango imefungwa ili wateja wa duka wasituone. Ilikuwa kwenye chakula hicho, baada ya mavuno ya maharage, nilipomuuliza kwa nini ukurasa mmoja haujachorwa bado. Kurasa zote zilikuwa tayari isipokuwa ule wa mtoto aliyezungukwa na kitovu shingoni. Alitafuna taratibu, akameza.

"Ule utauchora wewe."

"Mimi? Sijawahi kuchora kitu kutoka mwanzo, dada Naomi."

"Utauchora moja kwa moja kwenye mashine. Mimi najua kila kitu kinapokaa kwenye picha ile. Najua mkono wa mkunga unapita wapi. Lakini nikianza, kalamu haiendi." Akakwangua ukingo wa bakuli. "Mtoto wangu wa kwanza alikuja hivyo. Nyumbani, bibi mmoja jirani akinisaidia. Bibi wa watu alijitahidi. Alivuta pale ambapo si pa kuvuta. Mtoto hakulia." Kisha akanisogezea bakuli. "Malizia, mimi nimeshiba."

Nilikuwa sijazaa wakati huo, wala sijawahi kuona mtu akizaliwa. Nilirudi Olasiti peke yangu. Koko Nashipai alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na shuka lake akalikunja likawa kichanga, akachukua ukanda wa ngozi akauzungusha shingoni kwa kile kichanga. "Tazama mkono," akasema. "Usitazame uso wangu. Tazama mkono." Kidole kimoja kikapita chini ya ukanda, kwa upole kama mtu anayemvua mtoto shanga usingizini, kikaulegeza, kikaupitisha juu ya kichwa. "Huvuti. Unavusha." Akarudia, na tena, mpaka nikamwomba nifanye mimi. Nilifanya vibaya. Akanishika mkono akauongoza. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vyenye joto, na nilipokuwa nimekaa pale kwenye kigoda na kichanga cha shuka mapajani, nilielewa kwamba ukurasa huo hauna nafasi ya mstari wa ziada. Kidole, kitovu, shingo, kila kimoja lazima kijitenge na kingine: kitovu kwa mstari mnene usiokatika popote, kidole kwa mwembamba zaidi, shingo kwa mwembamba kuliko yote.

Niliuchora ukurasa ule wiki ile. Nilikuwa katikati yake, Naomi nyuma yangu, siku sauti ya Bwana Elinami ilipotufikia kutoka upande wa dukani. Kati yetu na duka kulikuwa na ubao mwembamba tu. Alikuwa akiongea na mkewe, na hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. "Siwezi kuwabakiza wote wawili, mama Upendo. Kazi zikija sasa zinataka kompyuta. Kitabu kikiisha itabidi nimwambie Naomi." Mkewe akasema jambo tusilolisikia. "Najua," akasema yeye. "Najua ana watoto. Nani hana?"

Mkono wangu ulisimama juu ya kipanya. Sikugeuka. Nilisikia pumzi ya Naomi nyuma ya sikio langu, ndefu, ile ile ya kabla ya kuvuta mstari. Nilidhani atainuka aondoke, au atasema kitu ambacho nitalazimika kukijibu.

"Hapo kwenye kidole," akasema, "ongeza unene kidogo. Hakionekani."

Nikaongeza. Tulifanya kazi mpaka umeme ulipokatika, na alipovaa koti lake aliniaga kama siku zote. Hatukuwahi kulizungumzia. Bwana Elinami alimwambia kabla ya Krismasi, kwa maneno mazuri, na Naomi alimshukuru kwa muda aliompa. Nimeulizwa na mume wangu miaka ya baadaye kwa nini sikukasirika. Sijui. Mwaka ule watu wengi sana walikuwa wakirudishwa nyumbani, na hasira zilihitaji mtu wa kuelekezewa. Huyu wa kwetu alikuwa amechoka kuliko sisi.

Kurasa zilipelekwa tena Olasiti kabla ya kuchapwa. Koko alizisoma bila kuuliza swali. Kwenye ukurasa wa kitovu alifuata mstari kwa ukucha, akazunguka shingo, akapita juu ya kichwa, akatoka. "Ndiyo," akasema, akaweka chini, akaomba nyingine.

Vitabu vilikuja mwanzoni mwa mwaka, vimefungwa kwa kamba, vinanuka wino. Nilichukua kimoja nikapanda nacho Akheri. Nilimkuta Naomi uani akipepeta maharage. Alinikaribisha ndani, sebule yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, akanawa mikono, akakaa na kitabu magotini. Alifungua ukurasa kwa ukurasa. Michoro yake aliipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya kioo. Alipofika kwenye ule niliochora mimi alikaa. Nje kuku alikuwa akiita vifaranga. Nilitaka kusema kwamba kidole kingeweza kuwa bora zaidi, nikajizuia.

"Kuna mtoto mwingine hapa chini," akasema.

"Ndiyo. Baada ya kitovu kutoka. Hospitali hawakuagiza, niliongeza tu. Waliacha ibaki."

"Amefumbua mdomo."

"Analia, dada."

Alikitazama kile kichwa kidogo, duara moja la mstari na mdomo uliojazwa weusi. Akapitisha kidole gumba juu yake, kama mtu anayejaribu kama wino umekauka. Kisha akafunga kitabu, akakiweka juu ya kabati, akasimama.

"Ng'ombe hawajala," akasema. "Twende unisaidie."

Tulishuka bondeni kukata mabingobingo. Alikata, mimi nikafunga, mpaka kila mmoja akawa na mzigo wake. Wangu ulikuwa mdogo kuliko wake, na wakati wa kupanda niliutua chini kila tulipofika kona. Yeye hakutua. Alikuwa akisimama mbele kwenye kijia, mzigo kichwani, mgongo umenyooka, akinisubiri nipumzike.